Wapenyezi Katika Maktaba ya Nyimbo

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mashariki mwa nchi inaanguka mji baada ya mji. Wahadhiri wamegoma, uvumi ndio mhadhara pekee unaoendelea Lubumbashi. Katika saa kama hii historia humtafuta mtu. Imenikuta mtaani Naviundu, katika depo ya Mama Kahambu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo.

Jumamosi tunachangia waliokimbia vita, na hapo hapo kamati ya wanafunzi itachagua msemaji. Nitaongoza muziki, kisha nitaongoza umma! Nyimbo zimo katika diski ya mtandao ya Mama, boksi jeusi juu ya marobota. Nitaziingiza katika maktaba ya muziki ya kompyuta yangu. Mama ameomba jambo moja tu: ipigwe kwaya ya marehemu mdogo wake, Sephora. Parokia yao imetawanyika. Sauti yake imebaki mle tu. "Mutoto yangu, usinipotezeye." Nimeapa.

Jumanne, 4 Februari
Kompyuta imekataa! Inadai folda ya mtandao haiingii maktabani kwa kuwa haijaorodheshwa hapa. Yaani, kwa kuwa imetoka kwingine! Ndivyo tunavyowapokea wakimbizi? Nimeandika tamko la kurasa tatu.

Rodrigue, mpinzani wangu wa kura, mwanafunzi wa informatiki, alisoma nusu ukurasa akacheka: "Camarade, masini haina na politike. Uiambie ibakie na copie hata kama réseau, mtandao ile, inakatika, kisha uongeze tena." Mbona anajua upesi hivyo? Amepewa maelekezo na nani? Nimekataa msaada wake hadharani.

Alipoondoka nimefanya alivyosema. Nyimbo 312 zimeingia. Ushindi wangu.

Jumatano, 5 Februari
Nimekagua. Nyimbo arobaini na moja hazina mwimbaji wala mwaka. "Piste 01", "Piste 02", yaani wimbo wa kwanza, wa pili, basi. Katika nchi inayovamiwa, nani huingia bila jina? Mpenyezi! Nimezifuta zote. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Swali la waoga. Nimebonyeza kwa ngumi.

Alhamisi, 6 Februari
Mama Kahambu amekuja kumsikiliza Sephora. Nimetafuta jina: hakuna. Nimetafuta "kwaya": hakuna. Akaeleza kwamba kwaya haikuandika majina. Ya nini? Parokia nzima ilimjua kila mtu kwa sauti. Ziliitwa Piste, basi.

Nikakimbilia boksi. Humo pia hazipo! Folda niliyoiongeza haikuwa kivuli cha folda. Ilikuwa folda yenyewe. Nilichofuta huku, boksi lilikifuta kule, kwa utii wa askari.

Mama aliketi juu ya robota, kitenge mdomoni. Hakunitukana. Heri angenitukana. Nimemweleza kwamba kuna mkono wa nje.

Jumamosi, 8 Februari
Ukumbi wa parokia ya hapa umejaa. Mimi sina wimbo wa Sephora, nina hotuba. Kabla sijafungua kinywa, Rodrigue akatoa kidude cha USB: alinakili boksi lote Jumapili iliyopita, maana umeme wa Naviundu huua diski.

Sephora akaimba. Mama Kahambu akapiga vigelegele, akacheza huku akilia, ukumbi mzima nyuma yake. Kulikuwa na vumbi machoni mwangu. Vumbi, nasema!

Annie, rais wa kamati, akasoma kura. Rodrigue 57. Mimi mbili. Moja ni yangu. Hiyo ya pili naichunguza.

Jumapili, 9 Februari
Nimetafakari kwa utulivu. Nani hutunza nakala ya kitu kabla hakijapotea, isipokuwa anayejua kwamba kitapotea? Tamko linaandikwa.

Mama amenisamehe, amenipa hata chai. "Kosa iko ya bantu," alisema, yaani kila mtu hukosea. Rodrigue amerudisha nyimbo katika boksi na kuacha folda ya akiba kando yake, kisha amefuta kidude chake ili kibebe hotuba zake. Nimeziongeza folda zote mbili maktabani, bila msaada wa mtu.

Na nimegundua nini? Kila wimbo unaonekana mara mbili! Ndivyo na zile kura 57 zilivyozaliwa. Udanganyifu huu hautapita mbele yangu. Nimeanza kufuta zinazozidi, na ili asije mtu kusema ninapendelea, nafuta katika folda zote mbili, kwa usawa.