Njia ya Chekereni kwa Setilaiti

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Elinipendo ameondoka. Jana, mara tu baada ya ibada. Ameteremka Chekereni kwa dada yake Kindness, kusaidia kuvuna mpunga. Hivyo ndivyo alivyowaaga majirani. Mimi mumewe aliniambia ukweli: hawezi kukaa nyumba moja na mtu aliyebadilisha mbuzi wa Krismasi kwa GPS ya gari.

Hatuna gari. Hilo amelirudia sana, utadhani mimi silijui.

Hakunielewa kabisa. GPS yenyewe nimeipata kwa Gidioni, pale sokoni Kiboriloni, anayeuza vitu ambavyo wazungu huwaachia wapagazi wakishuka mlimani. Bei nafuu! Dukani mjini ningeacha ng'ombe. Huku mbuzi tu! Na haikuwa tamaa. Ni kwa sababu ya Shedrack, jirani yangu wa upande wa juu, mwongoza watalii. Ana GPS ya njano, anaitundika kifuani hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Mwezi uliopita Elinipendo alikuwa anamenya ndizi, akasema Shedrack ni mtu anayejua anakokwenda. Akasema hivyo tu, akaendelea kumenya. Mimi mpaka leo halijanitoka.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimepika mtori, umeungua. Kanga yake bado iko kwenye kamba nje. Sijaianua, nikiianua nitaonekana nimekubali.

Mpango ni huu. GPS ikiwaka, nateremka nayo Chekereni kwa nguvu ya setilaiti, bila kuuliza njia kwa binadamu yeyote. Elinipendo ataniona natokeza kwenye mpunga, nimenyooka hadi mlangoni kwa shemeji. Atakosa la kusema. Atafunga mzigo, na binti yetu Gladys akija Krismasi kutoka Dar atamkuta mama yake jikoni. Njia naijua, nimeipita tangu enzi za uchumba. Lakini hiyo ni kuijua kienyeji.

Jumatano, 4 Desemba

Imewaka! Ilikuwa inadai umeme wa gari. Nimeiunga kwenye betri ya sola, taa zote za nyumba zikafa, yenyewe ikawaka. Nakula gizani lakini sijali.

Kasoro moja. Ramani iliyomo ni ya nchi nyingine, na Gidioni hakulitaja hilo. Old Moshi haimo. Mimi ni kamshale kadogo katikati ya weupe mtupu. Kihamba chote alichoniachia marehemu baba, migomba, mibuni, kaburi la babu, vyote weupe.

Ila inaongea! Sauti ya mwanamke, ya upole, kwa Kiingereza. Ananishauri nigeuke nirudi nilikotoka mara nitakapopata nafasi. Nilikuwa nimekaa kitini. Nikamwacha aendelee. Si vibaya nyumba kuwa na sauti ya mwanamke jioni. Elinipendo akirudi na majani ya ng'ombe huanza kuongea angali huko shambani. Maneno huyasikii, unasikia tu kwamba amerudi. Leo nimejikuta natega sikio upande ule. Migomba tu.

Ijumaa, 6 Desemba

Balaa. Wanawake waliokuwa wanapita na mizigo ya majani wamesikia sauti. Habari imeteremka kijiji kizima kabla uji haujapoa. Mama yangu, anayekaa nyumba ya chini, amenijia na fimbo. Nikampa shikamoo, hakuipokea. Akapita moja kwa moja hadi chumbani, akainama, akachungulia uvunguni. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha GPS. Ikanyamaza! Tangu juzi haijafunga mdomo, mbele ya Mama kimya.

Mchana shemeji Kindness akapiga simu. Sauti baridi. Aliuliza huyo mwanamke ni wa wapi. Nikajibu kwa ukweli wote kwamba jina silijui, ni mtu wa Kiingereza, na nimempata kwa mbuzi. Kabla sijafika kwenye betri akakata simu. Watu hawana subira siku hizi.

Lakini nyuma yake nilisikia sauti nyingine, naijua hata katikati ya mashine ya kukoboa. Ilikuwa inauliza: "Anasemaje?" Nimebaki na hilo neno moja mchana kutwa. Nimelishika kama mtoto na pipi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemrudishia Gidioni mwanamke wake. Mbuzi alishaliwa. Nikamweleza hasara yote niliyoipata, akasema kwa kunionea huruma atanibadilishia. Nikaongeza mkungu wa ndizi, akanipa kifaa cha kufunga shingoni mwa mnyama. Unakitia laini ya simu, kinatuma ujumbe kueleza mnyama alipo. Kidogo, bei nafuu, na hakiongei!

Akili yangu ikawaka palepale. Elinipendo anampenda ng'ombe wake Furaha kupita maelezo. Kila nikikosana naye huenda bandani kumweleza Furaha. Basi nimeingiza namba ya simu ya Elinipendo. Kila saa atapata habari kwamba Furaha yuko salama mikononi mwangu. Mume gani mwingine Old Moshi amewahi kumfanyia mkewe hivyo? Shedrack hajawahi.

Nimemfunga Furaha shingoni, akanitazama kwa muda. Tangu azaliwe hajavuka mlango wa banda. Majani tunamletea, maji tunamletea, kama ng'ombe wote wa huku juu. Kwa hiyo kifaa hakitapata kazi ngumu, betri itadumu.

Jumapili, 8 Desemba

Elinipendo ameniandikia! Ujumbe wa kwanza tangu aondoke. Nimeusoma nikiwa na soksi moja mguuni, ya pili mkononi. "Baba Gladys, nimejua ng'ombe yuko wapi. Usiku kucha nimejua. Wewe uko wapi?"

Nimeusoma mpaka nikachelewa ibada. Sijui alikuwa na maana gani. Nimemjibu kwamba niko nyumbani, na kwamba kifaa cha pili kikipatikana naweza kujifunga na mimi. Hajajibu.

Baada ya ibada, kwenye mnada wa mazao nje ya kanisa, nimekutana na Shedrack. Ameshuka mlimani juzi. GPS iko kifuani, juu ya tai! Alinunua kapu zima la parachichi mbele ya mchungaji, kwa kujionyesha tu. Kisha akanisogelea, akasema alipita Chekereni kuchukua mchele na akamwona mke wangu. Elinipendo alimuuliza kama nakula. Nikamuuliza Shedrack alijibu nini. Eti alijibu hajui. Jamani! Angalau angesema nimekonda. Mtu ana mtambo wa kuonyesha dunia nzima na kunisaidia kwa neno moja hawezi.

Ameuliza kama nakula. Jioni nimekula sahani mbili, ili akiuliza tena jibu liwepo.

Jumanne, 10 Desemba

Furaha amekimeza kifaa. Jana, sikukuu ya Uhuru, mkanda ulilegea, kikadondoka horini pamoja na majani. Daktari wa mifugo amesema nisubiri kwa amani. Kifaa chenyewe hakikukata tamaa. Kinaendelea kutuma ujumbe kutoka tumboni, hata leo hakijakoma.

Nimekwenda Kiboriloni kwa hasira. Nimemwita Gidioni mwizi mbele ya akina mama wauza nyanya. Nimemwita tapeli pia, na nikasema ukoo wake haujawahi kuuza kitu kizima. Akina mama waliacha kupanga nyanya. Gidioni hakupandisha sauti. Alisema tu nisikanyage tena mezani kwake. Nikamwambia hata anipe bure sitakanyaga.

Nikiwa njiani kupanda, Kindness akapiga simu. Akaniomba nizime kile kitu, dada yake hapumziki. Nikasema siwezi, kiko ndani ya ng'ombe. Kisha nikasikia kicheko, na nyuma ya kicheko kikatoka kicheko kingine. Elinipendo alikuwa anacheka! Kicheko chake cha kuishiwa pumzi, kile cha kushika ukuta. Nimesimama barabarani na simu sikioni, machozi yananitoka, watu wananipita.

Akaichukua simu mwenyewe.

"Njoo Jumamosi, Baba Gladys. Njoo na isale. Usije na kitu cha kuwaka."

Isale! Hata Mama alikuwa ananiambia tangu Elinipendo aondoke, nikamwona mshamba. Jani la kijani tu, tunalipanda mipakani. Lakini ukilifunga fundo ukampa mtu uliyemkosea, hana namna, anapokea na yanakwisha. Watu wa huku wamenuniana hadi uzeeni wakapatanishwa na jani moja. Nami nilikuwa nahangaika na setilaiti!

Ijumaa, 13 Desemba

Nimechuma isale. Nimelitoa kwenye mpaka wangu na Shedrack, mche ule mnene alioupanda babu. Shedrack alikuwa amesimama upande wake ananiangalia. Akaniomba nichume jani tu, nisitikise mche, maana mpaka ni mpaka. Nimelipokea kama tusi. Nimechuma jani moja tu, refu, halina hata tobo, nikalifunga fundo. La pili angesema nasogeza mpaka.

Nimefua shati jeupe. Nimemkamata jogoo wa kumpelekea shemeji. Nimeianua ile kanga, nimeikunja mara nne kama anavyoikunja yeye. Bado ina harufu yake, ya moshi na sabuni ya kipande. Nimekaa nayo kitambo.

Nimejifunza maneno bandani, mbele ya Furaha. "Mama Gladys, nimekosa. Turudi nyumbani." Basi. Mara ya kwanza yaligoma kutoka. Mara ya tatu yametoka vizuri kabisa. Kesho saa hizi atakuwa hapa, analalamika masizi ya sufuria. Mungu wangu, nimeyakumbuka hata malalamiko.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimefika Chekereni! Naandika nimekaa ukingoni mwa mfereji wa maji ya mpunga.

Kwanza asubuhi, maana asubuhi imekuwa ya ushindi. Nilishuka Kiboriloni nikiwa na jogoo, kanga na isale. Sikuwa na nia mbaya. Nilipita upande wa Gidioni kwa sababu ndio upande wenye kivuli. Na mezani ilikuwapo. Ya njano! Kama ya Shedrack, hapana, mpya kuliko ya Shedrack. Mzungu alimwachia mpagazi juzi tu. Ramani ya Tanzania imo! Milima imo, mito imo, Chekereni nimeiona kwa macho yangu imeandikwa.

Gidioni aliponiona akaifunika kwa kitambaa. Akasema atamuuzia yeyote duniani isipokuwa aliyemwita mwizi mbele ya akina mama wa nyanya. Nikamwonyesha jogoo, hakumtazama. Na kulikuwa na kijana mwingine amesimama pembeni anauliza bei.

Nikafikiri haraka. Elinipendo ameniita mwenyewe, amecheka mwenyewe. Gidioni amenifukuza. Sasa kati ya hao wawili, nani hasa aliyekuwa bado na kinyongo? Hesabu ni rahisi. Nikatoa isale, nikampa kwa mikono miwili.

Gidioni ni mtu wa Old Moshi kama mimi. Alilitazama lile fundo, akanitazama mimi. Kisha akalipokea. Alinipa mkono, akasema yamekwisha, ndugu yangu. Mama mmoja alijifuta macho. Jogoo akamchukua, GPS akanipa. Jani amelitundika juu ya meza yake, kila mtu alione.

Kwa hiyo lile jani linafanya kazi! Elinipendo nitamweleza yote, hatua kwa hatua, ataona mwenyewe jinsi lilivyo na nguvu. Atafurahi. Alisema nisije na kitu cha kuwaka, lakini hiki kinawaka kidogo tu.

Kutoka hapa nyumba ya Kindness inaonekana, bati la bluu. Na yeye namwona. Anageuza mpunga kwenye turubai kwa miguu, polepole. Leo ni Jumamosi na amevaa gauni lake la kanisani. Mzigo wake umefungwa, uko mlangoni. Kila baada ya kitambo anasimama, anakinga jua kwa kiganja, anatazama barabarani ambako angenitegemea nitokee. Mimi niko upande wa mfereji, hanioni. Anaongea na dada yake. Maneno siyasikii, nasikia tu kwamba yupo.

Nimenyanyuka, nimekaa tena. Kifaa bado kinatafuta setilaiti. Gidioni alisema mara ya kwanza huchelewa, nisikihamishe. Siwezi kwenda mlangoni kabla hakijasema nimefika, la sivyo nitakuwa nimekuja kienyeji.

Ameacha kugeuza mpunga. Kanga yake iko mapajani mwangu. Sasa amekaa juu ya mzigo wake, bado anatazama barabarani. Setilaiti moja imepatikana. Bado kidogo tu, mke wangu.