Dawa ya Maziwa ni Maziwa

Jumapili, 4 Mei

Mama Watoto ameondoka asubuhi kwenda kumwona binti yetu aliyejifungua. Atarudi Jumamosi. Nimebaki mkuu wa nyumba, wa banda, na wa Bibi Harusi, ambaye ni ng'ombe. Ng'ombe wa mke wangu, si wangu. Katika nyumba hii mali yangu ni baiskeli tu.

Lakini mambo yatabadilika! Kabla ya kupanda gari alitoa ahadi mbele ya mdogo wake. Akirudi akamkuta Bibi Harusi mzima, chuchu zote nne zinatoa maziwa, basi yule mtamba, jike changa ambaye hajazaa, aliyemo bandani ni wangu. Mtamba! Shemeji alicheka kidogo. Shemeji ni daktari wa mifugo, na hucheka kidogo kila ninapoahidiwa kitu, tangu ile shughuli yangu ya kuatamisha mayai ndani ya blanketi.

Masharti yalikuwa marefu. Ninawe mikono. Nioshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Nikikaushe kwa kitambaa safi, kila mara kingine. Matone ya kwanza niyakamulie kwenye kikombe cheusi, niyatazame kwanza kabla ya kushika ndoo. Nikaitikia yote. Mke wangu ana mikono mizuri lakini hajui kupanga kazi. Mimi nimezipunguza hatua zote hizo, imebaki moja: kukamua. Nikapata hata nafasi ya kufuta baiskeli. Kitambaa kimoja kimetosha baiskeli na kiwele, kwa mpangilio huo.

Jumanne, 6 Mei

Teke. Paja la kulia. Sikumfanya kitu, nilimgusa tu chuchu ya nyuma kushoto.

Nikatazama vizuri. Upande ule wa kiwele umevimba, una joto, mgumu kama kiatu. Nikakamua kidogo. Maziwa yametoka na mabonge. Jana nadhani yalikuwa nayo pia, ila kikombe cheusi nimekiwekea misumari.

Ugonjwa wa kiwele. Sihitaji kuambiwa, na dawa yake naijua. Shemeji anakuja, anaingiza antibayotiki kwenye chuchu, na maziwa yanamwagwa mpaka dawa iishe mwilini mwa ng'ombe. Kituo cha maziwa wanapima, huwadanganyi. Lakini Shemeji akijua leo, dada yake atajua leo. Kwaheri mtamba.

Maziwa ya zile chuchu tatu nzuri nimepeleka kituoni. Karani akauliza mbona yamepungua. Nikasema ng'ombe ana huzuni, ameachwa na mama. Nyuma yangu alikuwepo jirani yangu Bwana Lita. Huyu hasalimii watu, hutaja lita. Akataja zake kwa sauti, akaniuliza kama hicho nilichobeba ni kipimo cha ng'ombe au cha mbuzi. Wote wakacheka, na karani pia.

Nimekata shauri. Bibi Harusi atapona, Shemeji hatajua, na Bwana Lita atanyamaza.

Jumatano, 7 Mei

Siku kubwa! Nimempigia simu mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefanya kazi maabara. Kazi yake ni maziwa na vijidudu. Siku zote nilidhani anaangalia tu kama yamechacha. Kumbe mtoto ameshika hazina.

Nilimuuliza kwa mbali, kama mtu anayependa elimu. Akafurahi, masikini, akaeleza yote. Ni hivi: ndani ya maziwa mna protini. Zikiwa nzima ni chakula. Zikikatwa, baadhi ya vipande vyake hugeuka askari, hutoboa ngozi ya kijidudu nacho kikafa. Wenzake wanatafuta namna ya kutibu kiwele kwa vipande hivyo badala ya antibayotiki, maana antibayotiki zimetumiwa ovyo mpaka vijidudu vimezizoea. Halafu akaendelea: bado ni majaribio, kuna vimeng'enya, kuna usafi na vipimo, Mjomba usijaribu kitu nyumbani, na kama kuna ng'ombe anaumwa aitwe daktari haraka. Nikawa naitikia ehe, ehe. Sehemu hiyo sikuisikiliza sana kwa sababu nilishapata nilichotaka.

Zikikatwa! Nani asiyejua maziwa yaliyokatika? Unachemsha, yanakatika, mabonge juu, maji chini, mama wa nyumba anasonya na kuyamwaga. Miaka yote tumekuwa tukimwaga dawa! Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Wangefuga ng'ombe wangemalizia: dawa ya maziwa ni maziwa.

Nimekamulia limau ndani ya maziwa ya asubuhi. Yamekatika vizuri sana. Nimeyachuja kwa kitambaa, kile kile, sipendi ubadhirifu. Nimepata chupa mbili.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempaka Bibi Harusi dawa asubuhi, kiwele chote, na chuchu mgonjwa nimeichovya kabisa. Teke la pili. Goti. Ndoo nayo imepata lake.

Sikujua kwamba mtaa huu una paka wengi kiasi hiki. Wamekaa mlangoni mwa banda kama wageni wa arusi wanaosubiri sahani. Nzi ndio usiseme. Nikasimama na ufagio mpaka adhuhuri, mkono mmoja kwa paka, mmoja kwa nzi, na goti linauma. Mwingine angeacha. Mimi sijaumbiwa kukata tamaa.

Mchana kiwele kimekuwa kigumu zaidi. Bibi Harusi hakumaliza majani yake. Nimelifikiria jambo hili kwa makini na nimelielewa. Askari wameingia, vijidudu vinajibu, ni vita. Vitani lazima pawe na joto.

Halafu nikaona kitu ambacho hata mpwa wangu na maabara yake hajakiona. Maziwa ya ile chuchu mgonjwa yanatoka YAMEKATIKA TAYARI. Mabonge yapo, maji yapo. Ng'ombe anajitengenezea dawa mwenyewe! Mimi nahangaika na malimau, kiwanda kiko nyuma kushoto!

Nikajaza chupa moja, moja kwa moja kutoka kiwandani. Nikaipeleka kwa Bwana Lita kwa ajili ya ng'ombe wake, iwe kinga. Si kwamba nampenda. Nataka siku ya ushindi wangu awe amekwisha kupokea fadhila yangu. Sikumkuta. Nikaiacha mlangoni, na sikuandika kitu juu yake, maana siri ya ugunduzi haiandikwi kwenye chupa.

Ijumaa, 9 Mei

Bwana Lita ameinywa.

Alidhani ni mtindi. Jirani kakuachia chupa ya maziwa mazito mlangoni, ungedhani nini? Akasema moyoni huyu bwana ameona haya kwa maneno ya kituoni, ameleta suluhu. Akatia sukari. Usiku mzima hakutoka chooni, na asubuhi alifika kituoni anajishikilia ukutani, akasimulia. Kwa mara ya kwanza hakutaja lita hata moja. Au pengine alitaja, za aina nyingine. Wakati huo huo Shemeji alikuwa pale anapima maziwa ya watu.

Akaja kwangu na mkoba wake. Hakucheka hata kidogo. Aliniuliza tu tangu lini. Nikasema tangu asubuhi. Akanitazama. Nikasema Jumanne.

Bibi Harusi alikuwa amelala na kukataa kuinuka. Majani ya jana yako pale pale. Shemeji alimpima joto, akamchoma sindano, akaingiza dawa kwenye chuchu, akaniambia kwamba Jumanne ingekuwa kazi ndogo. Ng'ombe ataishi. Kuhusu ile chuchu, hakuahidi kitu. Akaona kitambaa msumarini, akakichukua kwa vidole viwili, akakinusa, akauliza hii ni grisi ya nini. Nikamwambia ya baiskeli. Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Alipoondoka nilimpigia simu mpwa wangu kumwarifu kwa upole kwamba utafiti wake una kasoro. Nikamweleza yote, limau, kiwanda, chupa.

"Mjomba," akasema, "nilisema protini zikikatwa. Sikusema maziwa yakikatika."

Akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Maziwa yakikatika, protini hazijakatwa, zimeshikana tu mabonge. Kuzikata ni kazi ya vimeng'enya maabara, na vipande vyenyewe havionekani kwa macho. Na kile nilichokikamua kutoka chuchu mgonjwa hakikuwa askari. Kilikuwa vijidudu vyenyewe, hai, umati mzima.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo. Si kwa ajili ya mtamba tu. Bibi Harusi aliweka kidevu kwenye goti langu, lile lile alilolipiga, akawa anahema kwa shida. Nimekaa naye mchana kutwa. Nimekanda kwa maji ya moto na kumkamua upande ule mara kwa mara kama Shemeji alivyoagiza, mikono nimenawa kwa sabuni mpaka vidole vimekunjamana. Jioni ameinuka. Amekula kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Watoto amefika ananukia poda ya mtoto. Mzigo ameuacha uani, hajanisalimia, ameingia bandani moja kwa moja. Shemeji alikuwa amekwisha kumpigia.

Akanawa. Akaosha kiwele, akakausha, akaketi kwenye kigoda. Chuchu ya kwanza ikatoa. Ya pili. Ya tatu. Akashika ya nyuma kushoto. Akakamua, akakamua tena, akabadilisha mkono.

"Hapa maziwa yamekatika," akasema bila kugeuka.

Naapa moyo uliruka! Dawa! Nikasogea na chupa ya limau iliyobaki. Kumbe alimaanisha yamekatika kama maji ya bomba yanavyokatika. Hayaji. Hakuna kitu.

"Niliacha chuchu ngapi?" akaniuliza.

Nikasema nne.

"Zihesabu."

Sikuhesabu. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Bibi Harusi, akakaa hivyo, na mabega yake yakawa yanacheza. Sijawahi kumwona analia kwa ajili ya kitu nilichofanya mimi. Siku zote hukasirika, nami kukasirikiwa nimeshazoea. Mateke mawili ya ng'ombe hayakuuma hivi. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikasema chai iko tayari. Haikuwa tayari.

Mtamba amepewa mjukuu. Mjukuu bado hawezi kushika shingo yake mwenyewe, lakini ana mfugo. Mimi nimepewa kazi ya kuosha ndoo, chini ya usimamizi. Maziwa ya Bibi Harusi yanamwagwa mpaka dawa iishe mwilini, na anayeyamwaga ni mimi. Bwana Lita amepita mlangoni, amekonda kidogo. Ameniuliza kwa upole wa kuudhi kama bado nina ule mtindi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeosha ndoo. Nimezianika. Nimenyamaza kutwa, mpaka Mama Watoto amekuja kunigusa paji la uso aone kama nina homa. Ameniwekea chai. Nadhani tunaanza kusameheana. Ameniambia neno moja tu, kwamba safari hii nijifunze.

Nimejifunza! Nimelitafakari kosa langu tangu alfajiri na nimelipata. Kosa halikuwa wazo, wazo ni la kisayansi, hata maabara wanalifanyia kazi. Kosa lilikuwa neno. Mpwa wangu alisema zikatwe, mimi nikaziacha zikatike zenyewe. Uvivu wangu! Protini haijikati. Inatakiwa ikatwe na mtu, kwa nguvu, vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Suala la vimeng'enya nitalitazama baadaye.

Dada wa kibanda cha juisi pale njia panda ana mashine ya kusagia matunda. Nimepita kuikagua, nikisingizia kiu. Inanguruma vizuri sana. Amekubali kuniazima kesho asubuhi, nimemwambia ni kwa ajili ya mapapai. Ndani ina visu vinne. Chuchu zimebaki tatu, kwa hiyo kimoja kitakuwa cha akiba.