Wiki ya Kuwa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Baba mdogo ametuita, mimi na mdogo wangu. Nyumba ya marehemu shangazi, ambaye hakuacha mtoto, itakabidhiwa Jumapili kwa yule kati yetu aliye mtu mzima. Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba nimemzidi mdogo wangu miaka kumi na mitatu na shahada mbili. Akanijibu kwamba miaka huja yenyewe hata kwa aliyelala. Hoja ina uzito, kwa bahati mbaya. Hata hivyo, katika ukoo wetu kuna mtu mmoja tu ambaye utu uzima wake haukuwahi kutiliwa shaka: shangazi mwenyewe. Basi, hadi Jumapili, nitakuwa yeye. Nimechukua sweta lake la kahawia.

Jumanne, 4 Machi
Natembea polepole. Nikiulizwa, nanyamaza kwanza. Mdogo wangu, fundi cherehani asiyeweza kuficha kicheko, ameniuliza kama nimemeza mwiko. Sikumjibu; shangazi hakuwa akijibu. Dukani, muuzaji amenipa sabuni ya shangazi kabla sijafungua mdomo, kisha akauliza goti linaendeleaje. Sijawahi kuugua goti. Nikasema afadhali kidogo. Huenda alinifananisha tu. Huenda.

Alhamisi, 6 Machi
Goti linauma. Mama ameniita wifi. Nilidhani ni utani, hakucheka. Akanisogezea kiti, akalalamika kwamba binti yake mkubwa haonekani siku hizi, akaniomba nimseme, maana huyo humsikiliza shangazi yake tu. Nikaahidi kumsema. Mbinu imefaulu kupita matarajio. Sina hakika kama nifurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Tumekwenda kufagia nyumba ile, mchana kweupe. Mdogo wangu akavunja bomba la jikoni, akamwita fundi, kisha akampigia baba mdogo na kukiri kila kitu kabla ya kuulizwa. Utoto mtupu. Baadaye akanijia pale mlangoni, macho yamemtoka. “Dada, kama wewe uko hapa, nani anakohoa chumbani?” Nikamwambia ni upepo. Upepo ukasafisha koo. Akanishika mkono, akasema bila haya kwamba anaogopa. Mimi niliogopa kwa heshima, kimya.

Jumapili, 9 Machi
Kikao. Baba mdogo alitaka kujua kila mmoja wetu atafanya nini nyumba ikimshinda. Mdogo wangu akasema atakuja kuomba msaada kwa wote waliokuwa pale kikaoni. Ikawa zamu yangu. Nilikuwa na hotuba yenye sehemu tatu. Nikanyamaza kwanza, kama ilivyo desturi yangu mpya, na mdomo ukafunguka wenyewe. Sauti nzito, ya taratibu, isiyo yangu: “Mpeni mdogo. Huyu mkubwa bado anaigiza.”
Baba mdogo akainuka kitini, kama alivyokuwa akimwinukia dada yake. Mama akaitika, “Sawa, wifi.” Hakuna aliyepinga. Ni mdogo wangu peke yake aliyenitazama mimi, akaninong'oneza, “Dada, chumba chako kipo pale.”

Jumatatu, 10 Machi
Goti limepona. Mama ananigombeza kama zamani. Nimejitafakari kwa uaminifu, na naamini, ingawa naweza kuwa nakosea, kwamba kosa langu lilikuwa moja: nilichagua mtu mkarimu. Marehemu babu naye alikuwa mtu mzima, na hakuna aliyewahi kupokea chochote kutoka mkononi mwake. Nitakata rufaa Jumapili ijayo. Koti lake lilikuwa stoo. Nimelijaribu, linanikaa vizuri. Mifuko yake ina joto, jambo ambalo nalichukulia kuwa dalili njema.