Mratibu wa Wawindaji wa Bi Pelkey

Jumamosi, 20 Oktoba

Leo nimepewa cheo. Mratibu wa Wawindaji na Wapenda Pori, kampeni ya Bi Lorraine Pelkey, bunge la jimbo. Bi Pelkey ni muuguzi mstaafu, mtu wa haki, hana maneno mengi. Aliniuliza kama nawafahamu wawindaji wa wilaya hii. Nikamjibu nimezaliwa nao. Si uongo. Nimezaliwa na mmoja, kaka yangu Arvid, mwenyekiti wa klabu yao. Hatujasemeshana tangu tumzike baba, mwaka wa nne huu. Tena Arvid anampigia debe mpinzani wetu. Hayo sikuyataja. Hakuniuliza.

Mimi mwenyewe niliacha kuwinda zamani. Baridi ya Michigan inaniingia miguuni.

Jumapili, 21 Oktoba

Kofia za kapelo mia mbili, jina la Bi Pelkey mbele. Rangi nilichagua mwenyewe: kahawia, na kishada cheupe nyuma. Rangi ya pori. Nikazipeleka uwanja wa shabaha, watu wametoka kanisani.

Hakuna aliyechukua. Mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha karatasi aliigeuzageuza moja, akaniuliza polepole kama mama huyu anataka kura zao au anataka wapigwe risasi. Maana msituni mtu huvaa rangi ya chungwa, wenzake wamwone. Kahawia yenye nyeupe nyuma ni matako ya kulungu.

Walicheka mpaka wakasahau kulenga. Arvid alikuwepo, mwisho wa mstari. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu. Bora angecheka.

Jumatano, 24 Oktoba

Mpango mpya. Picha. Bi Pelkey na bunduki, miti nyuma, macho mbali.

Alikataa kwanza. Akasema hawindi, ila kila asubuhi hutembea msituni kuangalia ndege, na hilo ndilo angependa kuwaambia watu. Nikamweleza kwamba mwindaji hampi kura mtu wa darubini. Akashusha pumzi, akashika bunduki kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake. Bunduki niliitoa uvunguni mwa kitanda changu. Haijaguswa miaka minne.

Picha imetoka safi. Nimeirusha mtandaoni bila kumsumbua tena.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nyuma ya bega lake kuna kibao. Kinasomeka vizuri kabisa: HIFADHI YA NDEGE, KUWINDA MARUFUKU.

Kufikia mchana wilaya nzima imeiona. Bi Pelkey akapiga simu. Hakugomba. Aliuliza kama nilikitazama kibao. Nikamwambia nilikuwa namtazama yeye. Akaniaga kwa adabu. Heri angenitukana.

Jioni simu nyingine. Arvid. Sauti ya baba tupu.

"Wendell. Hiyo bunduki aliyoshika mama yule."

Nikasema bunduki zinafanana.

"Kitako kina alama za meno ya mbwa wetu."

Nikasema mbwa nao wanafanana.

"Niliripoti polisi imeibwa kwenye kambi ya baba ya kuwindia, mdogo wangu. Nikamshuku jirani. Sikumsalimia tena. Mwaka jana akafa."

Baba hakuacha wosia kuhusu bunduki. Arvid alirithi kambi nzima, na jiko, na vitanda, na ziwa la kutazama dirishani. Mimi nilitoka matangani na kitu kimoja ndani ya blanketi. Nani mwizi hapo?

Kisha akasema jambo la ajabu. Ijumaa ya wiki ijayo klabu inakula samaki. Nimlete Bi Pelkey azungumze, watampa nafasi. Na bunduki nije nayo.

Mtego. Mtoto mdogo angeuona.

Jumanne, 30 Oktoba

Sijamwambia Bi Pelkey juu ya mwaliko. Namlinda.

Ijumaa, 2 Novemba

Arvid mwenyewe alimpigia simu Bi Pelkey. Yule mama akaenda peke yake, bila mratibu. Nilipopata habari nikaendesha gari kwa kasi kwenda kumwokoa.

Nikamkuta amesimama kati ya meza za ukumbi, sahani ya samaki mbele yake haijaguswa. Alikuwa anaeleza njia ya kwenda ziwani, ile ambayo mwenye shamba mpya ameifunga kwa waya. Babu zao waliipita, yeye huipita kufuata ndege, na angeipigania ifunguliwe. Vichwa vinaitikia. Mmoja akamuuliza juu ya picha. Akajibu picha ilikuwa uongo, hajawahi kufyatua risasi maishani, na anaomba radhi.

Walimpigia makofi. Wawindaji wale wale.

Nikaona hatari. Mgombea anajiangamiza mwenyewe. Nikasimama, nikatangaza kwamba Bi Pelkey ni mnyenyekevu mno, mwaka jana tu aliangusha dume la kulungu lenye pembe za matawi kumi na manne.

Mtu akaweka uma mezani. Bi Pelkey akainamisha uso, akaketi.

Arvid alinishika mkono, akanitoa nje kwenye theluji.

"Umemaliza?"

Nikamwambia namsaidia mgombea wangu.

"Alikuwa ameshatupata, Wendell. Hata mimi alinipata."

Tukasimama. Amezeeka, kaka yangu. Magoti yanamsumbua, nimeona anavyoegemea nguzo. Akaniuliza bunduki iko wapi. Nikasema nyumbani.

"Tarehe kumi na tano msimu unafunguliwa," akasema. "Kitanda chako kambini ni kile kile, karibu na jiko. Njoo nayo, au njoo bila. Njoo tu."

Nikamwelewa mara moja. Siku nne kabla ya kura anataka kuninunua kwa kitanda.

Jumatano, 7 Novemba

Tumeshindwa kwa kura ishirini na tatu. Kwenye klabu wako zaidi ya arobaini.

Bi Pelkey alinipigia kunishukuru kwa muda wangu. Nikamweleza kwamba kosa ni rangi ya kapelo, wala si mkakati. Akasema kura zimepita. Akasema niende nikamwone ndugu yangu.

Kumbe hata yeye wameshampata.

Ijumaa, 16 Novemba

Jana msimu ulifunguliwa. Nilikaa jikoni toka alfajiri. Milio ya risasi ilisikika upande wa ziwa, wa kwanza, wa pili, halafu kimya kirefu. Chai ilipoa. Sikwenda.

Leo saa nne asubuhi gari la Arvid likasimama mlangoni. Nikazima redio, nikajibanza nyuma ya pazia. Akagonga. Akaita jina langu, lile la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliye hai analijua. Akasubiri. Akakaa kwenye ngazi, mguu mmoja kaunyoosha, theluji ikimwangukia kofiani. Dakika ishirini na mbili. Kisha akainuka kwa kushika reli, akaacha kifurushi, akaondoka.

Ndani ya karatasi: ini la kulungu, bichi, na kitunguu kimoja. Chakula cha siku ya kwanza kambini. Baba alikuwa anatukaangia sisi wawili kabla hajala yeye.

Rushwa, baada ya uchaguzi. Sijapata kuona watu wasio na haya namna hii.

Ini nimelila. Karatasi nimeihifadhi kwenye faili, pamoja na saa aliyofika, saa aliyoondoka na namba ya gari lake. Uchaguzi wa halmashauri ya mji ni mwezi wa nne, na wagombea watahitaji mtu anayewajua vizuri wavuvi wa kwenye barafu.