Saa Moja ya Mama Angani

Jumatatu, 3 Juni
Mpango umeiva. Dada amejifungua huko ng'ambo na anamtaka Mama. Mama akienda, chumba cha mbele kinabaki tupu. Chumba tupu ni saluni yangu ya kunyoa! Kikwazo kimoja tu: Mama hajawahi kupanda ndege, na anasema angani hakai zaidi ya muda wa kuivisha maharage. Nikafungua tiketi aliyotuma Dada. Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa tatu asubuhi, siku hiyo hiyo. Saa moja! Nikamwambia maharage yenyewe yatakuwa bado magumu. Akacheka, akaanza kumtafutia mjukuu sweta.

Jumanne, 4 Juni
Fundi saa, jirani yetu, ni mtu wa kujitia kujua. Nilimweleza mji anakoishi Dada uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Akachukua chungwa na tochi, akanizungushia dunia mbele ya wateja wake. Eti safari ni saa kumi na tatu. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa kumi na mbili. Kumbe! Nikamwambia tochi yake imeisha betri. Moyoni nikakubali. Mama sikumwambia. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa nimeipata. Mama asilale leo, ili kesho kwenye ndege alale fofofo. Nimewaita shangazi na mama wadogo waje kumuaga. Hao wakianza hadithi, hata jogoo husubiri zamu yake. Mimi nachemsha chai.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeamka saa tano! Kwenye kochi! Mama kashaondoka, shangazi ndiye aliyemsindikiza. Mama aliagiza nisiamshwe, eti nimechoka kwa kuchemsha chai. Alinifunika shuka lake. Aibu kidogo. Kisha nikapima pa kuweka kioo.

Jumamosi, 8 Juni
Mama kapiga simu. Kalala, kaamka, kala, kalala tena, kaamka, bado mawingu. Akamuuliza mhudumu hiyo saa moja inaisha lini. Safu nzima wakaangua kicheko, na yeye pia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Uongo.

Jumapili, 30 Juni
Mteja wa saluni ni mmoja, fundi saa, naye ana upara. Nyumba imepoa. Nimemkumbuka Mama, basi. Nikampigia, nikamwomba arudi. Akasema tiketi ya kurudi anayo mkononi: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa tatu asubuhi ya kesho yake. Kwa hesabu niliyomfundisha mwenyewe, hiyo ni siku nzima na saa moja juu, na mwanawe hawezi kumdanganya. Kwa hiyo atabaki huko huko alee mjukuu. Nilisikia dada akicheka nyuma yake.

Nimekaa na huzuni mpaka jioni. Halafu, jibu hili hapa! Kesho namwambia asirudie njia aliyoendea. Azungukie upande wa pili wa dunia. Huko ni mteremko mtupu, hata nusu saa haifiki.