Mkurugenzi Apata Tisini na Nane

Inatangazwa kwa umma wote, na hasa kwa ile sehemu ya umma inayolipwa mshahara, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi elimu ya afya ya mazingira itakuwa bure. Ndivyo ulivyosema waraka wa Idara, uliobandikwa juu ya waraka wa zamani, ambao nao ulikuwa umebandikwa juu ya mchoro wa njia za kukimbilia pindi moto ukizuka. Kulikuwa na moduli kumi na mbili kwenye mtandao, vitabu vya rejea, miongozo, video, mtihani kila baada ya moduli, na cheti mwishoni. Kila mtumishi aliagizwa awe amefurahi kabla ya Ijumaa.

Watumishi walifurahi kwa mujibu wa waraka. Kisha wakauliza kama kuna posho ya kusoma, wakaambiwa hakuna, na kiu ya elimu ikakatika papo hapo. Mmoja alisema macho yanamsumbua. Mwingine alisema yeye alisoma zamani na bado hajasahau. Wa tatu aliomba ruhusa ya ugonjwa, na huyo alistahili, kwa sababu wiki hiyo nusu ya jengo ilikuwa inaharisha.

Naam, Idara ya Afya ya Mazingira ilikuwa inaharisha. Jambo hilo lilishughulikiwa kitaalamu. Iliundwa kamati, kamati ikakaa mara mbili, mara ya pili ikiwa na wajumbe wachache kwa sababu zinazoeleweka, na ikabaini kwamba kitu kinachopita kila ofisi kila siku ni chai. Basi aliyepewa barua ni mpika chai.

Mpika chai huyo watu walimwita Mama Birika. Si kwamba alikuwa na mkono wa birika, la hasha; sukari alikuwa anamimina kama harusini. Ni kwa sababu kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwona bila birika mkononi. Barua ilimtaka ajieleze kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili, la sivyo afungashe.

"Lakini chai naichemsha," alimwambia Afisa Utumishi. "Wanaokunywa chai peke yake hawaumwi. Wanaoumwa ni hawa wanaokinga maji pale bombani kwenye korido."

"Maji yana hati," alisema Afisa Utumishi, akionyesha ukutani. Kweli, ilikuwepo hati ndani ya fremu: tangi limesafishwa, imethibitishwa kwa macho, muhuri, sahihi. "Wewe una hati?"

Mama Birika hakuwa na hati. Alirudi jikoni akashika tama. Aliogopa, na chini ya woga kulikuwa na hasira, maana kufukuzwa kazi ni jambo moja, na kuambiwa umewatilia watu uchafu kwenye kikombe ni jambo jingine kabisa.

Huku nyuma, Mkurugenzi naye alikuwa na tatizo lake. Alikuwa ameahidi kuongoza kwa mfano. Wizara ilikuwa imeahidi kumleta Mkaguzi Mkuu aje kumkabidhi cheti mbele ya watumishi, Alhamisi ya wiki ya pili. Kilichobaki kilikuwa ni kusoma. Kazi za namna hiyo kwa kawaida angemwachia katibu muhtasi wake, lakini katibu muhtasi alikuwa na siku nne hajatoka msalani kwa muda wa kutosha kuwasha kompyuta. Mkurugenzi alipochungulia koridoni, mtu pekee aliyesimama wima alikuwa Mama Birika.

"Mama Birika, unajua kusoma?"

"Najua, mzee."

"Basi nisomee. Kaa kwenye kiti changu, bonyeza palipoandikwa 'Endelea' mpaka cheti kitoke. Mimi nina kikao."

"Na nikiulizwa maswali?"

"Jibu tu. Jibu kama mimi."

Mama Birika alijitahidi kujibu kama Mkurugenzi. Akapata asilimia kumi na moja, na mfumo ukagoma kuendelea. Akaona isiwe tabu, akarudi mwanzo, akajibu kama Mama Birika.

Kuanzia hapo mambo yakanoga. Kila siku, chai ya saa nne ikishagawiwa, alikaa kwenye kile kiti cha ngozi kinachozunguka akasoma habari za vyoo, za taka, za panya, za mikono isiyonawishwa. Moduli ya tano ilimfundisha kwamba ugonjwa ukizuka huanzi kwa kutafuta mchawi. Unauliza nani anaumwa, nani haumwi, na kila mmoja alikunywa nini. Hilo alilifurahia mno. Alichukua birika akapita mlango kwa mlango akiuliza, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mtu akikumiminia chai unamwambia hata yale usiyomwambia daktari. Siku ya tatu alikuwa na jedwali: wagonjwa ishirini na watatu, wote wanywaji wa bomba la korido. Wanywaji wa chai pekee, wazima kama chuma. Mkurugenzi alikuwa mzima pia. Yeye maji yake yalikuja kwenye chupa.

Moduli ya saba ilihusu matangi. Ya kumi na mbili ilikuwa kazi kwa vitendo: kagua chanzo cha maji mahali pako pa kazi, andika ripoti.

Mama Birika alipanda juu ya paa. Tangi la zege lilikuwa wazi. Mfuniko wake wa bati haukuwepo, na alipoinama kutazama chini barabarani aliutambua, maana ulikuwa umesimama getini, umepakwa rangi ya kijani, umeandikwa MAZINGIRA SAFI HUANZA NA WEWE. Ndani ya maji kulikuwa na njiwa wawili waliokufa muda mrefu na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Ripoti ilikitaja kiatu hicho bila kukitolea maoni.

Jioni hiyo alimweleza mumewe, fundi viatu, aliyekuwa bado anagonga soli barazani.

"Usitume," alisema mumewe. "Watakumaliza."

"Watanimaliza vipi, baba? Mfumo haunijui mimi. Unamjua Mkurugenzi."

Fundi viatu aliweka nyundo chini. "Yaani atakayesema ni yeye?"

"Ni yeye. Kwa nywila yake."

"Basi mwache aseme," alisema mumewe. "Na yeye aonje."

Hata hivyo Mama Birika alikuwa mtu wa haki. Kesho yake alimsubiri Mkurugenzi mlangoni. "Mzee, ripoti ya mwisho iko tayari. Ni vizuri uipitie kabla haijaenda wizarani."

"Mama Birika, nikianza kusoma leo nitamaliza lini? Tuma."

Akatuma.

Alhamisi ilipofika, ukumbi ulipambwa kwa viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa, na waliopangiwa karibu na mlango ni wale waliohitaji kuwa karibu na mlango. Mkaguzi Mkuu alikuwa mama mfupi mwenye viatu bapa na faili nene. Alipanda jukwaani, akamshika Mkurugenzi mkono, akaushikilia.

"Asilimia tisini na nane," alisema. "Nchi nzima hakuna aliyemkaribia. Lakini alama si kitu. Nimekagua ofisi miaka yote hii, sijawahi kuona kiongozi anayeichongea ofisi yake mwenyewe."

Mkurugenzi alitabasamu. Akaendelea kutabasamu njiwa wa kwanza alipotajwa. Njiwa wa pili alimfanya alegeze tai. Kiatu kilipotajwa alitazama kulia na kushoto akitafuta wa kumlaumu, na hapo akaelewa kwamba mwandishi wa ripoti ni yeye. Angekana, angekuwa amesema hakusoma. Akakaza uso, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbuka alichoandika.

"Chai," alisoma Mkaguzi Mkuu, "imechunguzwa na kuonekana haina hatia." Afisa Utumishi alianza kukunja nakala ya barua fulani mpaka ikawa ndogo kama kidonge. "Na sasa pendekezo la mwisho, ambalo limenigusa. Mwandishi anakumbusha Kanuni ya Nne, aliyoitunga yeye mwenyewe mwaka jana kwa ajili ya wauza vyakula: anayekutwa na uchafu ausafishe kwa mikono yake, hadharani, siku hiyo hiyo. Anataka itumike kwa aliyetia sahihi hati ya tangi." Akafungua faili. "Sahihi hii ni ya nani?"

Ukumbi mzima uliitambua sahihi ile. Ilikuwa kwenye kila barua ya onyo waliyowahi kupewa.

"Uungwana wa hali ya juu," alisema Mkaguzi Mkuu. "Twendeni paani."

Makofi yalipigwa, mengine kutoka msalani. Mkurugenzi alivua koti, akavua viatu, akapewa brashi na ndoo. Maji yalikuwa yameshamwagwa, njiwa wameshaopolewa. Alishuka tangini akiwa na tai shingoni, akasugua, na watumishi wakasimama kuzunguka kujifunza kwa vitendo. Mama Birika alikuwa juu ya ngazi, akipokea ndoo za tope na kushusha za maji safi. Alimwonea huruma kidogo, si sana.

Baada ya saa nzima sauti ilitoka ndani ya tangi, ya uchovu, iliyosahau kabisa kwamba kuna wageni.

"Mama Birika! Hii dawa ya maji naimwaga yote?"

"Toka kwanza, mzee!" alijibu Mama Birika. "Dawa haimwagwi mtu akiwa ndani, itakuziba pumzi. Halafu haimwagwi yote. Tunapima tangi, urefu mara upana mara kina, tunatazama nguvu ya dawa, ndipo tunajua kiasi. Ikishakaa muda wake tunayamwaga yale maji, tunajaza upya."

Mkaguzi Mkuu alitazama cheti alichokishika, akatazama ndani ya tangi, kisha akainua macho polepole mpaka juu ya ngazi.

"Mkurugenzi," alisema, "dawa tutakuja kuiweka wenyewe. Wewe endelea kusugua. Mama, shuka tuzungumze."