Akina Felicitas Elfu Ishirini Wanaoomba Miche

Buganguzi, Muleba
9 Oktoba

Ndugu Meneja Lwakatare,
Huduma ya Miche Mtandaoni,
Bukoba.

YAH: KUONGEZEKA KWANGU BILA KUARIFIWA

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Felicitas Kagaruki, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye kibanja cha ndizi na kahawa hapa Buganguzi. Barua hii nimeianza mara tatu ili isiwe na ukali. Naomba uisome hadi mwisho.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, Avit, aliyepanga chumba Kashai, huko huko Bukoba, alinipigia simu. Alisema ofisi yako imempa kazi ya kupima kama huduma yenu itasimama siku wakulima wengi watakapoingia kwa mpigo. "Shangazi," akasema, "niazime jina lako nifanyie majaribio." Nikamwazima, nikidhani jina ni kama ungo, mtu akimaliza analirudisha.

Kumbe huduma yenu haimpokei mtu bila muhuri. Muhuri huo Avit anauita heshi. Unachukua jina, namba ya simu na neno la siri, unavisaga pamoja, unapata herufi na namba thelathini na mbili zisizosomeka, na kama ilivyo kwa unga, huwezi kuzirudisha zikawa punje. Ukibadili herufi moja tu, unga wote unatoka mwingine. Kwa kuwa asingeweza kusaga elfu ishirini kwa mkono, aliandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: Felicitas 1, Felicitas 2, hadi Felicitas 20,000, kila mmoja na muhuri wake halali, kila mmoja aombe miche hamsini ya kahawa. Jumanne saa nne na nusu asubuhi wote wakabisha hodi kwa pamoja. Huduma haikuyumba. Avit alinipigia akishangilia.

Tatizo ni kwamba ofisi yako ilimfungulia huduma yenyewe inayotumiwa na wakulima, si ile ya majaribio, na hakuna aliyekumbuka kuwafuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka thelathini na moja ya kufundisha sikuwahi kupanga watoto arobaini kwenye mstari bila mmoja kusukumwa. Wanawake elfu ishirini wenye jina langu wamehudumiwa kwa dakika mbili bila hata mmoja kulia. Hilo limenivunjia heshima ya kazi.

2. Mgawo wa kijiji chetu ni miche elfu sita, na anayewahi ndiye anayepata. Akina Felicitas mia moja na ishirini wa mwanzo wameumaliza wote. Bwana shamba Kyaruzi alikuja na karatasi mkononi, akasimama akikitazama kibanja changu cha nusu ekari. "Ma Felicitas," akaniuliza kwa upole, "hii miche milioni moja uliyoomba utaipanda wapi?" Nikampa kiti.

3. Jirani yangu Immakulata, ambaye tumelima pamoja tangu tuolewe, kahawa yake imekaushwa yote na mnyauko. Alipoomba miche akajibiwa kuwa imekwisha. Jumamosi kwenye sala ya jumuiya alihama mkeka tuliozoea kukalia wote. "Waitu, mwenzetu Felicitas," akasema mbele ya watu, "hata mmoja usingetubakizia?" Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Kifungu hiki, Ndugu Meneja, sikukiandika kwa mzaha.

4. Nikaamua kuomba mwenyewe, kama binadamu. Nimekataliwa. Kitambulisho changu kinasema Kagaluki, kwa L, kama alivyosikia karani. Simu nimeisajili kwa R. Kwa herufi hiyo moja muhuri wangu haulingani. Yaani elfu ishirini wasio na kitovu wamepita, na aliyebatizwa amebaki nje.

5. Katika wote hao, hakuna aliyekuja kupalilia, wala kubeba maji msibani, wala kufagia kanisa zamu yetu ilipofika. Nilifagia peke yangu, na nilikuwa na haki ya kutegemea msaada.

Kwa hiyo naomba wafutwe wote, leo hii. Kama hawafutiki, basi tutambuliwe rasmi. Kwa daftari lenu, sisi akina Felicitas tumewazidi watu wa vijiji kadhaa vikijumlishwa. Tunastahili kata yetu na zahanati yetu, na mimi niwe diwani, kwa sababu ndimi peke yangu mwenye miguu ya kwenda vikaoni. Avit akipima tena mwakani kwa laki mbili, tutakuja kuomba wilaya.

Nisalimie mama watoto, walinzi wa getini, dada wa mapokezi, na kompyuta iliyotupokea wote bila kuyumba. Avit usimfukuze kazi. Ni mtoto mzuri, ila asipewe tena majina ya watu wazima.

Ni mimi, anayeumia kwa niaba ya wengi,
Felicitas Kagaruki

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, lori lenu limefika mlangoni kwangu na miche yote elfu sita. Dereva amekataa kushusha hata mmoja mpaka kila Felicitas asaini mbele ya namba yake. Nikamkimbilia Immakulata, nikamshika mkono, nikamleta. Amesaini Felicitas 1, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nyuma yake imefuata jumuiya nzima, halafu Walutheri wa ng'ambo ya barabara, na wanaume arobaini na wawili ambao wamekubali kuwa Felicitas kwa robo saa. Bwana shamba Kyaruzi ndiye Felicitas 120. Sasa hivi kijiji kizima kinachimba mashimo, na Immakulata ananiita nikamshikie kamba ya kupimia. Kwa hiyo barua hii ihesabiwe kuwa ya shukrani, na tafadhali sana, msimfute Felicitas yeyote kabla ya mgawo wa mvua zijazo.